Basi la Alhamisi

Jumatano, 16 Januari 1952

Daftari hili nilipewa na shule la kuandikia maendeleo ya watoto. Maendeleo yatasubiri. Naandika kwa sababu nisipoandika nitampiga mtu, na leo nimeshampiga mmoja, mtoto wa darasa la pili, kwa kosa ambalo hata silikumbuki.

Mambo ni haya. Mdogo wangu Bujiku yumo mahabusu Shinyanga tangu Novemba. Wanasema alimkata panga mtu aitwaye Maganga kwenye vilabu vya pombe nje ya mji, Jumamosi ya tarehe kumi na saba. Jumamosi hiyo Bujiku alikuwa hapa Kharumwa, kwenye kitanda changu, anatetemeka homa, namnywesha uji kwa kijiko. Hakuna mwingine aliyemwona. Shahidi wake ni mimi peke yangu, na karani wa mahakama ameandika kwamba barua haikubaliki, nifike mwenyewe. Nisipofika atafungwa miaka saba na viboko juu yake.

Kesi ni keshokutwa. Basi la kutoka Geita kwenda Shinyanga hupita hapa Jumatatu na Alhamisi, saa mbili asubuhi. Gari jingine la abiria hakuna.

Ijumaa, 18 Januari

Naandika nimekaa juu ya kichuguu, miguu imejaa tope hadi magotini. Saa hii hakimu anaita jina langu.

Jana nilisimama barabarani tangu alfajiri. Saa mbili ikapita, saa nne ikapita. Basi lilikuja saa saba na nusu, limejaa hadi watu wananing'inia ngazini, na taniboi wake, Stanslaus, kasimama mlangoni na kiboko cha ng'ombe anawachapa vidole wanaong'ang'ania. Nami alinichapa! Mimi, mwalimu mzima! Nilimpiga na mwavuli usoni mara mbili, damu ikamtoka puani, akaniachia njia. Niliingia. Watu wakacheka, mmoja akasema huyu mama apewe usukani.

Kufika kwenye mbuga, bonde zima tope jeusi tupu, bibi mmoja akasimama kando ya njia na mbuzi wake, akapunga mkono. Dereva, Kalisti jina lake, mwanamume mrefu wa maneno machache, akasimamisha gari katikati ya tope ili ampakie. Ebo! Hata mtoto anajua tope la mbuga ukisimama limekumeza. Magurudumu yalizama hadi kwenye ekseli. Nilimtukana Kalisti mbele ya watu wote. Nilimwita mpumbavu, nilimwambia aliyempa leseni alikuwa amelewa. Alivua shati, akachukua jembe, akaanza kuchimba.

Tulisukuma hadi giza likaingia. Vijana wawili wachimbaji wa dhahabu walishikana kwa kuambiana nani hasukumi, mmoja akamng'oa mwenzake jino kwa spana. Jino lilianguka kwenye tope, mwenyewe akalitafuta kwa muda mrefu analia kama mtoto. Leo bado tunachimba.

Jumatatu, 21 Januari

Nilifika Shinyanga Jumamosi. Mahakama imefungwa. Karani Theonest, kijana mwenye miwani na kalamu tatu mfukoni, alinikuta nimekaa mlangoni. Akasema kesi imesogezwa hadi tarehe kumi na tano Februari. "Hakimu kauliza shahidi yuko wapi, Mwalimu. Nikasema labda njiani. Hakupenda." Nilimwambia hakimu apande lile basi yeye mwenyewe ndipo apende au asipende.

Alhamisi, 24 Januari

Mvua.

Jumanne, 29 Januari

Mvua. Paa linavuja juu ya meza. Nimempiga mtoto mwingine.

Jumapili, 3 Februari

Leo baada ya misa mwano ulipigwa. Ulianzia upande wa mtoni, sauti ya mwanamke, lile yowe refu linalokatwa kwa kiganja mdomoni. Mji wa pili ukaupokea, wa tatu ukaupokea, na kabla sijafunga kanga yangu wanaume walikuwa wanapita mbio na mikuki na marungu. Kwetu mwano hauulizwi. Ukiusikia unatoka, na asiyetoka analipa ng'ombe. Nao haupigwi ovyo: ni kwa ng'ombe walioibwa, moto, simba, au mtu kuuawa.

Walikuwa wezi wa ng'ombe wawili. Mmoja aliponyoka. Wa pili walikuja nacho hapa njiani, maana siwezi kusema walikuja naye, alikuwa ameshakuwa kitu. Aliyewaongoza ni Mageni, mume wa jirani yangu Zipora. Yeye ndiye nsumba ntale, mkubwa wa vijana wa kijiji, yuleyule aliyewaleta vijana wake kunilimia shamba Desemba wakiimba, nisiwalipe kitu ila chakula. Leo rungu lake lilikuwa na nywele. Alinisalimia kwa adabu, "Mwangaluka, Mwalimu," akapita.

Nilitazama. Sikuona huruma hata kidogo. Nilifikiri tu: hawa wanafika. Ukiwaita wanafika.

Alhamisi, 14 Februari

Basi limekuja saa mbili kamili! Kiti nimepata, dirisha nimepata, Stanslaus kaniogopa, kapita mbali na mwavuli wangu. Barabara kavu. Naandika haya nikiwa Shinyanga, kwa masista, nimeoga na nimekula. Kesho Bujiku anatoka.

Ijumaa, 15 Februari

Mahakama imefungwa. Mfalme anazikwa leo huko kwao Uingereza, ofisi zote zimefungwa, bendera nusu mlingoti. Nilisimama pale uwanjani nikacheka mpaka askari akanitisha kwa rungu. Siku pekee ambayo basi limefika! Nilimfuata Theonest hadi nyumbani kwake nikamshika ukosi wa shati, mkewe akapiga kelele. Masikini Theonest, akanipa chai. Akanipa na tarehe nyingine: saba Machi.

Waliniruhusu kumwona Bujiku robo saa. Sikio lake la kushoto limechanika. Kuna majambazi mle ndani, wanampokonya chakula, naye akikataa wanampiga na ndoo. "Dada, usije ukachelewa tena," akasema, wala hakunilaumu. Miaka kumi na tisa, ameanza kuongea bila kumtazama mtu machoni. Nilimlea tangu mama alipokufa, sijawahi kumwona hivi. Nikitoka nilipiga ngumi ukuta wa gereza. Mkono umevimba, kalamu naishika kwa shida.

Jumatano, 27 Februari

Mvua siku ya sita. Mahindi ya Zipora yamelala chini.

Alhamisi, 6 Machi

Halikuja.

Nimesimama tangu alfajiri hadi jioni, mvua inanipiga. Halikuja! Halikuja! Kila mlio niliousikia nilisema ndilo hilo. Wenzangu wa barabarani waliondoka mmoja mmoja. Zipora alinifuata kwa ngozi ya ng'ombe ya kujifunika, akanivuta mkono, nikamsukuma akaanguka kwenye maji. Alinyanyuka, akanifunika ile ngozi, akarudi kwake. Nina nini mimi?

Jumamosi, 8 Machi

Limekuja leo, limechelewa siku mbili, siku moja baada ya kesi. Lilikuwa linakuja taratibu, limeinama upande mmoja. Niliokota jiwe. Sikufikiri. Nililirusha likapasua kioo cha mbele, vipande vikammwagikia Kalisti usoni.

Akasimamisha. Akashuka. Damu ilikuwa inamtiririka kwenye nyusi. Nikasema moyoni, haya, anipige, nami nimpige, tuuane hapahapa yaishe. Stanslaus alikuwa ameshachomoa kiboko. Kalisti akamzuia kwa mkono.

"Mwalimu, nimekukosea nini?"

"Mdogo wangu atafungwa kwa ajili yako!"

Nilimweleza yote, kwa kelele, abiria wanasikiliza. Kisha akanionyesha chini ya gari: springi imevunjika, imefungwa kwa kamba na vipande vya mti. Akageuka, akapandisha shati. Mgongo wake ulikuwa na mistari mibichi. Mwenye basi, tajiri mmoja wa mjini, alimwekea watu wawili wamchape kwa kuchelewesha gari, na springi mpya hakumpa. "Jana usiku tu," alisema Stanslaus, "na asubuhi akapanda usukanini."

Kalisti akaniuliza kesi inayofuata ni lini. Nikamwambia sijui kama ipo. Akasema ataenda mahakamani mwenyewe akamuulize karani. "Ukishapata tarehe, kiti cha mbele ni chako. Nitakiwekea gunia mtu asikae. Mimi sitakuacha, Mwalimu."

Akaondoka na kioo kilichopasuka, mvua inamwingia usoni. Nimekaa na aibu yangu siku nzima.

Jumanne, 11 Machi

Jana, akirudi toka Shinyanga, Kalisti alinipa karatasi ya Theonest. Ni Ijumaa, tarehe ishirini na nane. Hakimu amesema mara hii atahukumu, shahidi awepo asiwepo. Nyusi ya Kalisti imeshonwa nyuzi nne. Nilimwomba radhi. Alicheka kidogo, akasema dereva wa njia hii asiyepigwa mawe bado hajafika Geita.

Alhamisi, 20 Machi

Watoto kumi na mmoja tu darasani. Kuna uvumi kwamba kuna mumiani, watu wa gari wanaokamata watu barabarani na kuwanyonya damu. Nimewaambia wazazi ni upuuzi. Mageni alinisikiliza kwa heshima, lakini nimeona vijana wake wanakesha na marungu.

Jumatano, 26 Machi

Mvua kubwa jioni. Ee Mungu, kesho tu. Kesho peke yake.

Alhamisi, 27 Machi

Niko Shinyanga, barazani kwa masista. Jua bado lipo. Nitaandika kama ilivyotokea, nisijipake mafuta.

Asubuhi nilisimama kwenye daraja dogo la bondeni, pale tunaposimama siku zote. Mvua ilikuwa imekatika, ila njia yote ya bondeni ilikuwa tope. Saa mbili kasorobo nikalisikia. Lilikuja kwa kasi, injini inanguruma, magurudumu yanarusha matope hadi juu ya paa. Nilimwona Kalisti. Aliniona. Alitoa mkono dirishani akaupunga kuelekea mbele, mara mbili, na gari likanipita. Tope lilinijaa usoni na kwenye gauni la kesi. Likapanda, likaingia kwenye kona, mahindi yakalificha.

Nilikimbia hatua chache nikaanguka. Nikasema, ameniacha. Mwongo! Shetani mkubwa! Nikamwona Bujiku na lile sikio, nikaona miaka saba, nikaona viboko. Nikainuka, nikaweka kiganja mdomoni, nikapiga mwano.

Niliupiga kwa nguvu zote za kifua changu. Niliupiga mara tatu. Mji wa kwanza ukapokea, wa pili ukapokea, ukapita juu ya kilima, ukalitangulia basi lenyewe. Na nakiri, na Mungu ananiona: niliposikia unapokewa nilifurahi.

Mageni alikuwa wa kwanza kunifikia, rungu mkononi, wenzake saba nyuma. "Nini, Mwalimu?"

Ningesema basi limeniacha, wangenitukana, wangecheka, wangerudi majumbani mwao. Sikusema. Nilinyoosha mkono. "Gari lile! Likamateni!"

Walinitazama, nimejaa tope, nalia. Sikuhitaji kutaja mumiani. Mmoja alilitaja neno hilo mwenyewe, wakatimua mbio.

Niliwafuata nyuma. Kabla ya kona nilianza kusikia vioo, halafu mayowe ya abiria, halafu ile sauti ya marungu ambayo niliisikia Februari, kavu, kama wanawake wanaotwanga. Nikapita kona.

Basi lilikuwa limesimama. Lilikuwa limesimama mahali pa juu, penye changarawe, hatua mia mbili tu kutoka pale daraja lilipo, mlango wa mbele wazi. Abiria walikuwa wanatoka madirishani, mwanamke mmoja kapasuka kichwa, mzee mmoja kakanyagwa. Wengine watano walikuwa wametokea upande wa kilima na mikuki. Kalisti alikuwa chini kando ya mlango, watu wamemzunguka, na kila mmoja alikuwa anapiga, kwa sababu mwano ni wa wote na kila aliyefika hupiga.

Nikapiga kelele waache. Nani angenisikia? Nilijitupa katikati, rungu moja likanipata begani, ndipo Mageni aliponitambua akawazuia kwa mikono yote miwili.

Stanslaus alitambaa kutoka chini ya gari. Mkono mmoja ulikuwa umevunjika, unaning'inia. Alinijia analia, si kwa maumivu.

"Alikuwa anakusubiri! Alikuonyesha kwa mkono uje huku juu! Angesimama kule kwenye tope tungetoka saa ngapi? Mwalimu, alikuwa anakusubiri wewe!"

Nilitazama ndani. Kiti cha mbele kilikuwa na gunia la karanga juu yake, limelazwa vizuri, mtu asikae.

Mimi ndiye niliyemwita mpumbavu mwezi wa kwanza kwa kusimama matopeni. Alinisikia. Leo hakusimama matopeni.

Mageni aliangusha rungu. Akakaa chini palepale barabarani, miguu kaitandaza mbele. "Mwalimu," akasema, "mwano ulikuwa wa nini?"

Sikumjibu. Aliuliza tena, sikumjibu.

Tulimpakia Kalisti. Stanslaus alishika usukani kwa mkono mmoja, kijana mmoja wa Geita akamsaidia gia. Nilikaa sakafuni, kichwa cha Kalisti kwenye mapaja yangu. Uso haukuwa uso. Zile nyuzi nne za kwenye nyusi zilikuwa zimefumuka. Basi halikukwama mahali, halikuzima, halikusimama kupakia mtu. Mara moja alifungua jicho moja, sijui kama aliniona. Nilimwambia nisamehe, nisamehe, na huku, laana iwe juu yangu, huku nahesabu saa kama nitawahi.

Alikufa kabla hatujauona mji. Tulifika saa nane mchana.

Stanslaus alienda polisi na mkono wake unaning'inia. Hakunitaja. Amesema ni watu wa Kharumwa waliotokea tu na marungu, hajui sababu.

Ijumaa, 28 Machi

Saa tatu waliniita. Gauni ni la kuazima kwa masista. Niliapa, nikasema yale niliyokuja kusema tangu Januari: siku, homa, uji, kijiko. Mwendesha mashtaka aliniuliza maswali mengi, nikayajibu. Hakimu akaandika kwa muda mrefu. Halafu akasema kwamba ameniamini, na aliyemkata Maganga hajulikani, na Bujiku aende nyumbani. Hayo tu. Robo tatu ya saa.

Bujiku alinikumbatia barazani hadi miguu yangu ikaacha ardhi. Amebaki mifupa. Alitaka twende tukale wali kwanza, kisha tutafute namna ya kurudi. Nikamwambia akae. Nikamweleza yote, kuanzia darajani.

Kisha akanishika mkono kwa nguvu, akasogea karibu.

"Nani alikuona?"

"Hakuna."

"Basi nyamaza, dada. Mwano hauna jina. Kila mtu aliupiga."

"Askari wanaondoka saa nane na malori mawili. Theonest kaniambia. Watamchukua Mageni, na kila mwanamume watakayemkuta na rungu. Wanasema ni ujambazi, walivizia basi. Watanyongwa."

"Mageni ndiye aliyeua!"

"Mageni aliitwa. Aliniuliza mara mbili, sikumjibu."

"Na mimi?" akasema, sauti ikamkatika. "Umenitoa leo, unaniacha leo? Nitabaki na nani? Utafungwa wewe, wataku..." Hakumaliza. Alikuwa analia waziwazi, watu wa barazani wanatutazama. "Miezi minne, dada. Hujui mle ndani kulivyo."

"Ulikaa miezi minne kwa nini, Bujiku?"

Aliinua uso.

"Kuna mtu alimkata yule Maganga. Anajua ni yeye. Amekuwa akila, akilala, akitembea mjini humu, na alijua kwamba wewe umo ndani. Alinyamaza tu. Hakufanya kitu kingine chochote kibaya juu yako, alinyamaza tu."

Bujiku aliniachia mkono. Akajifuta uso kwa kiganja, akaligusa lile sikio. Halafu akaniambia nimpe daftari hili alitunze. Nimemwambia asubiri niandike mistari hii michache.

Sasa ni saa saba na nusu. Kutoka hapa barazani uwanja wa polisi unaonekana. Askari wanajipanga, wanahesabiwa, lori la kwanza limewashwa. Nakwenda kuwaambia wasiondoke.